Honi ya Treni Mpaka Ujiji

Jamani, tangu nirudi sijapata kupumua. Sokoni naulizwa, kwenye mazoezi ya kwaya naulizwa, hata juzi msibani mtu alinivuta pembeni: "Mama Nyamizi, ni kweli mliwakimbiza watu wa Usoke na honi ya treni?" Mengine mnayosema ni kweli, mengine mmeyatia chumvi. Nimeona bora niandike yote mara moja, anayesoma amsomee na mwenzake, halafu mniache nipike kwa amani.

Gongoni: tarumbeta nne

Mume wangu Maganga mnamjua. Amekulia kwenye kota za reli, na mpaka leo treni ikilia huko stesheni anaacha kijiko hewani mpaka imalize. Mnaijua na pikapu yetu, ile ya kubebea asali, ambayo honi yake ilikuwa inalia kama mbuzi mwenye mafua. Masika yaliyopita nusura tumgonge ng'ombe kule Urambo. Maganga alibonyeza honi kwa nguvu zake zote, na ng'ombe akatutazama kama anayesubiri tumalize kukohoa.

Kwa hiyo tulipokuwa tunajiandaa kwenda Ujiji alisema anaipeleka gari kwa fundi, hapa Tabora mtaa wa Gongoni, "kurekebisha kidogo." Mchana nikampelekea chakula. Nilimkuta fundi amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na kwenye turubai pembeni zimepangwa tarumbeta nne za chuma, ndefu mpaka fupi, kama ndugu wanaosubiri kupigwa picha. Kulikuwa na mtungi wa upepo wa kufungwa chini ya bodi, kompresa ya kuujaza, mpira wa kupitishia upepo, na waya za kila rangi. Kitufe chake, chekundu, kiliwekwa karibu na usukani.

"Hiki ni nini, Baba Nyamizi?"

"Honi."

"Honi ya nini?"

Fundi akajibu kutoka chini ya gari, kwa heshima zote: "Ya treni, mama. Shikamoo."

Walipoijaribu, kuku wa jirani walipanda juu ya bati, na fundi cherehani wa duka la pili akatoka nje amevaa suruali ya mteja shingoni. Mimi niliziba masikio nikiwa nimechelewa. Maganga alikuwa amefumba macho, anatabasamu kama mtu aliyeonja kitu cha utotoni.

"Tunakwenda kupokea mjukuu," nilimwambia, "au tunakwenda kuhamisha stesheni?"

"Ng'ombe wa Urambo hawasikii maneno madogo madogo," akasema, akachukua chakula chake.

Sasa niseme na la moyoni, maana bila hilo safari hii hamtaielewa. Nyamizi ndiye kitinda mimba wetu, na huu ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Nilimwahidi nitakuwa kando yake. Lakini ameolewa Ujiji, na ukuta kwa ukuta na nyumba yake anaishi mkwe wake, Mama Rashidi. Nilikutana naye siku ya harusi tu. Ni mama mkubwa, mzuri, sauti yake inafika kabla yake. Siku ile nilimrekebisha binti yangu shela, nikarudi nyuma nimtazame, na Mama Rashidi akaja akairekebisha tena. Tangu siku ile nilijua kwamba mtoto akizaliwa, mmoja wetu atampokea na mwingine atasimama mlangoni. Sikutaka kuwa wa mlangoni.

Usoke: treni iliyowahi

Tuliondoka Isevya alfajiri, mvua imetoka kunyesha. Nyuma tulipakia ndoo za asali, karanga, mchele, khanga za mzazi, kuku wawili ndani ya tenga, na mfuko wa matobolwa, kwa sababu Nyamizi alisema ana hamu ya viazi vya kwetu. Maganga aliniapia hatagusa kitufe chekundu bila sababu.

Sababu ilimngoja Usoke. Ng'ombe mmoja mweupe alikuwa amesimama katikati ya barabara, si mbali na stesheni, anacheua. Maganga akanitazama. Nikatazama dirishani. Akabonyeza.

Wenzangu, siku hiyo kulikuwa na abiria waliokuwa wakingoja treni. Ile honi ilipolia walitoka kila mahali. Akina mama walifunga vitenge wakikimbia, mmoja alibeba sufuria ikiwa bado inatoa moshi, na mwanamume mmoja alichomoka kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Wote wakajipanga kando ya reli, shingo zimenyooshwa. Reli ilikuwa tupu mpaka macho yanapokoma.

"Mbona imepita bila kusimama?" akauliza yule wa kinyozi.

"Imepita wapi? Mimi nilikuwa naitazama reli muda wote!"

"Basi bado inakuja."

"Kwa sauti ile? Ilikuwa hapa hapa!"

Mimi nilikuwa naomba tuondoke taratibu, lakini tungepitaje? Ng'ombe hakuwa amehama. Ndipo mama lishe mmoja, upawa mkononi, akatugeukia. Alitazama pikapu, akatazama mdomo wa tarumbeta uliochungulia chini ya bodi, akamtazama mume wangu ambaye ghafla alikuwa anashughulika na kioo cha pembeni.

"Ni hawa!"

Tulishuka kuomba radhi. Kunguru walikuwa wameshafika mezani kwake na kugawana chapati ambazo wateja walizikimbia. Maganga akasema tutakula hapo hapo, kumfariji. Yule mama akatupakulia wali na maharage huku anagomba, na kila akigomba anaongeza upawa mwingine kwenye sahani yangu.

"Nimeshiba, dada."

"Kula. Una mume wa namna hii, utahitaji nguvu."

Yule wa kinyozi alikuja kukaa karibu yetu, akatucheka mpaka machozi, akarudi kumalizia kichwa. Ng'ombe naye alijiondokea mwenyewe, kwa wakati wake.

Kaliua: pancha na simu

Mbele ya Urambo tulikuta kundi kubwa la ng'ombe pembeni, kwenye nyasi. Maganga akapiga honi fupi, ya kuonya tu. Kundi zima likapanda barabarani na kuanza kukimbia mbele yetu. Akapiga tena, wakazidi kujaa. Tukawafuata mwendo wa kinyonga mpaka mchungaji wao, mzee wa Kisukuma mwenye koti refu, akatufikia anahema kwa kicheko.

"Mzee mwenzangu, usiwapigie hiyo. Hawa wanaijua treni. Wakiisikia wanakimbilia barabarani, ndiko walikozoea kwamba treni haifiki."

Maganga aliondoa kidole kwenye kitufe. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, na baada ya hapo sikucheka tena kwa muda mrefu.

Kaliua tukapata pancha. Fundi alikuwa anavua tairi, na mimi nimekaa juu ya tofali, simu ikalia. Alikuwa mkwe wangu, Rashidi.

"Shikamoo mama. Mama, uchungu umeanza. Tuko hospitali."

Tulikuwa tumehesabu bado siku za kutosha. Nikasimama, nikakaa tena.

"Marahaba, baba. Nipe Nyamizi."

Kabla hajampa nikasikia ile sauti, nene na tulivu, ikisema kwa nyuma: "Pumua, mwanangu. Hivyo hivyo. Pumua." Mwanangu! Kisha nikamsikia Nyamizi mwenyewe, pumzi zimekatika.

"Mama, uko wapi?"

"Kaliua, mama yangu. Nakuja."

"Uje, mama."

Simu ikakatika. Maganga alikuwa amesikia. Alimwondoa fundi kwa upole, akakaza nati mwenyewe.

Pori baada ya Usinge

Babu wa babu yake Maganga alikwenda Ujiji kwa njia za huku, kwa miguu, na mzigo kichwani, kama Wanyamwezi wengi wa zama zile. Maganga hupenda kulisimulia hilo kila tukipita. Siku ile hakulisimulia. Aliendesha tu, nami nilikuwa naisukuma gari kwa moyo. Baada ya Usinge miombo ilisimama pande zote mbili, mibichi kwa mvua, na simu ikapoteza mtandao.

Nyani walikuwa wamekaa barabarani, Maganga akawapigia honi wakatawanyika. Mbele kidogo tukakuta matawi yamelazwa njiani, na kundi la watu. Nilidhani kuna ajali. Mwanamume mmoja akaja dirishani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamooni. Samahani. Ile sauti ni ya gari hili?"

Nikajua tumeingia tena matatani. "Marahaba. Ni sisi. Mtusamehe, tuna mgonjwa mbele, tunawahi."

"Hatuwagombezi, mama. Mama yetu amepotea porini. Alikwenda kuchuma uyoga jana asubuhi na wenzake, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Tumeita mpaka sauti zimekwisha. Tumepiga madebe. Pori limejaa mvua, sauti haifiki mbali. Lakini hiyo yenu tuliisikia mkiwa bado kule bondeni."

Nyuma yake alisimama msichana mkubwa, Kabula jina lake, binti wa yule mama aliyepotea. Hakuomba chochote. Alikuwa ameshika kandambili moja ya mama yake, waliyoiokota kwenye tope, anaifuta kwa pindo la khanga, anaifuta tena, na ilikuwa imeshatakata zamani.

Maganga alinitazama mimi. Na mimi, wenzangu, siwadanganyi, nilitaka kusema twende. Nyamizi alikuwa ananiita. Kila dakika pale ilikuwa dakika ya Mama Rashidi. Lakini nilimtazama yule binti na kandambili yake, nikaona naye anamwita mama yake kama wangu anavyoniita mimi.

"Acha kunitazama hivyo," nikamwambia Maganga, "upige honi."

Akageuza gari, tarumbeta zikaelekea porini. Akaacha injini inanguruma ili kompresa ijaze mtungi. Akabonyeza, muda mrefu. Ndege wakainuka msituni wote pamoja. Kisha tukanyamaza kusikiliza. Hakuna. Mtungi ukajaa, akapiga tena, tukanyamaza tena. Ikawa hivyo. Watu wa kijiji walizuia hata watoto kukohoa. Mawingu yalikuwa yanashuka, na kila baada ya honi kimya kilikuwa kizito kuliko kilichotangulia.

Wengine walianza kukaa chini. Honi nayo ilianza kuchoka. Tarumbeta moja ikaacha kulia, kisha ya pili, sauti ikawa ya kukwaruza. Maganga alifungua boneti, akaugusa waya akauachia haraka, umeungua kwa moto. "Itakufa," akaninong'oneza.

"Ife ikilia," nikasema.

Kabula ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua mkono. Wengine hatukusikia kitu. Kisha, mbali, si upande tuliouelekezea gari bali nyuma yetu kabisa, ng'ambo ya barabara, tukasikia mtu anagonga kitu. Ko. Ko. Ko.

Vijana wakakimbia. Maganga akapiga tena, ikatoka sauti moja tu, nyembamba, halafu ikakata na harufu ya mpira ulioungua. Haikulia tena. Lakini haikuhitajika. Miti ikafunguka na mama mmoja akatoka, mwembamba, amelowa, mguu mmoja una kandambili na mwingine umefungwa jani. Kikapu cha uyoga kilikuwa bado kichwani. Mkononi alikuwa na kisu na kifuniko cha sufuria alichokuwa akikigonga.

Alitazama watu wote, akatazama barabara, akatazama huku na huku.

"Reli iko wapi?" akauliza.

Kabula alikuwa ameshamfikia, amemkumbatia na kikapu chake.

"Kwani treni iko wapi? Niliisikia. Nikasema, nikiifikia reli nitaifuata mpaka nyumbani." Alikalishwa, akapewa maji. "Usiku treni ya mizigo ililia mara moja, ikapita, nikapotea zaidi. Hii ya leo nikaona imesimama. Nikasema, hii inaniita mimi. Nikawa natembea. Ikinyamaza nasimama, ikilia natembea."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Maganga alikwenda nyuma ya gari kwa muda. Aliporudi alisema alikuwa anakagua tairi.

Tulipotaka kuondoka, Mama Kabula aliuliza tunakimbilia wapi. Nikamwambia. Akachukua kikapu chake, ule uyoga aliolala nao porini, akakiweka mapajani mwangu.

"Mpikie mzazi. Na karanga."

"Mama, hiki ndicho ulichohangaikia."

"Mimi ningekula kwa furaha gani?" akasema. "Chukua. Nenda kwa mwanao."

Nguruka: vigelegele ndani ya simu

Karibu na Nguruka mtandao ulirudi na simu ikaanza kutetemeka mapajani. Nilipiga kabla haijamaliza. Rashidi alipokea, lakini sikusikia maneno yake, kwa sababu kulikuwa na vigelegele. Nilivijua ni vya nani.

"Mtoto wa kike, mama! Wote wazima! Wazima kabisa!"

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikauliza alizaliwa muda gani, na nikajua: ilikuwa tukiwa pale porini, gari linakwaruza honi.

Maganga alisimamisha gari kando. Nililia. Nililia kwa furaha, na chini ya furaha kulikuwa na kidonge kidogo kichungu, nanyi ni kina mama mtanielewa. Mume wangu hajui kubembeleza, hajawahi kujua. Alishuka, akaingia kwenye mgahawa, akarudi na ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga mkubwa kuliko sahani. Akanitolea miiba yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, akiniwekea upande wangu.

"Ungeniambia twende," alisema, "ningekwenda."

"Najua."

"Ila nisingelala."

"Hata mimi."

Tukala. Muhogo ulikuwa mzito na moto, samaki mtamu, na nikagundua nilikuwa na njaa ya siku nzima.

Tulivuka Malagarasi maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye majani. Kwenye kizuizi mbele yake, askari wa barabarani akaziona tarumbeta na kumtaka Maganga aoneshe zinavyolia. Maganga alibonyeza kitufe, kikatoa mlio wa mtu anayepuliza chai. Askari akasubiri. "Ndiyo hiyo tu?" Akaturuhusu, akionekana kutuhurumia. Tukalala Uvinza.

Ujiji: maji ya kwanza

Asubuhi tulifika Ujiji kimya kimya, gari lisilo na honi yoyote, maana ile ya zamani fundi alishaing'oa. Maganga alilazimika kutoa kichwa dirishani na kuwaomba watu njia: "Samahani mama. Samahani baba. Hodi." Waha, wenyeji wa huko, wakatuitikia kwa kupiga makofi ya salamu, na nadhani tulipita haraka zaidi kuliko safari yote.

Nyamizi alikuwa amesharudishwa nyumbani. Nilimkuta kitandani, uso umevimba kwa usingizi, na aliponiona alianza kulia kama alipokuwa darasa la kwanza.

"Nilikuita, mama."

"Nilikuwa njiani, mwanangu. Nitakusimulia kilichonichelewesha. Ukinikasirikia baadaye, ni haki yako."

Nikamkumbatia muda mrefu. Halafu nikatazama chumbani, nikijiandaa kumwona mtoto akiwa ameshaogeshwa, ameshapakwa mafuta, ameshavalishwa, ameshapokewa. Mama Rashidi alikuwa amesimama dirishani na mtoto mikononi, amefungwa kwenye khanga. Tulisalimiana. Hali yake, hali yangu, safari, watu wa Tabora. Salamu zikaisha. Tukabaki tunatazamana.

"Mwenzangu," akasema, na ile sauti yake kubwa aliishusha mpaka ikawa ndogo, "hospitali walimpangusa tu. Hapa nyumbani mashangazi wameniandama tangu alfajiri, wanasema mtoto anuke mpaka lini? Nikawaambia maji ya kwanza ni ya bibi yake wa Tabora. Mimi nimekushikia tu."

Akanipa mtoto.

Alikuwa mwepesi. Alikuwa na nywele nyingi na kidevu cha Maganga. Nilimwinamishia kichwa, na Mama Rashidi akaelewa, akatoka kuleta beseni na birika la maji ya moto. Alichanganya maji, mimi nikaonja kwa kiwiko, akaongeza baridi kidogo, nikaonja tena. Tukapiga magoti, yeye upande huu na mimi upande ule, Nyamizi anatutazama kutoka kitandani. Nikamshusha mtoto majini. Akakunja uso, akakunjua ngumi moja.

"Polepole shingo," akanong'ona Mama Rashidi. "Weka mkono hivi."

Nimeogesha watoto wanne, na wajukuu wengine sina idadi. Nikauweka mkono kama alivyosema.